Kioo Hakina Nyuzi

Fundi vioo wa Mabatini hakuwa mtu wa maneno kioo kikiwa mezani. Alikifuta kwa gazeti, akapitisha kidole gumba ukingoni taratibu, kama mama anayepapasa homa ya mtoto. Luhende, seremala wa Igoma, alisimama pembeni amebana pumzi. Siku hizi kila mwenye duka alitaka kabati la vioo, na alilokuwa akilitengeneza yeye lilitakiwa kesho. Kioo alikuwa nacho hicho kimoja tu, kimetoka mpakani Sirari kimeviringishwa ndani ya godoro.

"Umeangalia nyuzi zake zinaelekea wapi?" Luhende akauliza.

"Nyuzi ni za mbao zako, kaka. Hiki ndani hakina njia. Kinangoja kuonyeshwa."

Akachovya almasi ya kukatia kwenye mafuta ya taa, akaivuta mara moja tu, bila kurudia. Ikalia sauti nyembamba, ikaacha mkwaruzo kama unywele. Akagonga kwa chini huku amefumba macho, akisikiliza, kisha akabonyeza kwa viganja viwili. Kioo kikaachana chote kwa mpigo, kwa mstari ulionyooka ambao msumeno wa Luhende haujawahi kuupata.

"Mungu wangu," Luhende akanong'ona.

Ndipo alipoiona mikono ya fundi. Sasa ilikuwa ikijifuta jasho kwenye suruali.

"Miaka kumi na tisa nakata kioo," fundi akasema, "na bado kinanitisha."