Santuri Mbili na Zamu ya Mzee Ogeto

Nakumbuka Jumapili moja tulipokuwa watano nyumbani kwetu Manga: mimi, ndugu yangu Ombati, mdogo wetu Kwamboka, jirani yetu Moraa, na Mzee Ogeto, aliyefika mwisho akiwa amelowa chapachapa. Leo tumebaki mimi na Kwamboka.

Mwanangu, mimi sikusoma sana. Wazazi wetu walipofariki nilikuwa darasa la nne, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, niliacha daftari nikashika jembe. Kilichotuponya ni egesangio, ule utaratibu wa majirani kulimiana kwa zamu. Leo tunalima kwako, kesho kwangu, na siku hulipwa kwa siku. Yatima hana mali, lakini siku anazo. Nasi tulikuwa Wasabato, kwa hiyo Jumamosi ilikuwa ya ibada na Jumapili ya jembe.

Jumapili ile ilikuwa zamu ya Mzee Ogeto kupaliliwa wimbi. Mkewe alikuwa amefariki, watoto wako mbali, na wimbi lile ndilo lililokuwa chakula chake cha mwaka mzima. Sasa, wimbi lina gugu moja linalofanana nalo kama pacha. Likiwa changa, mkono uliozoea hulitambua kwenye shina. Ukichelewa, mvua ikalinywesha, huwezi kuling'oa bila kung'oa na wimbi lenyewe. Sote tulilijua hilo.

Lakini Ombati alikuwa amefika jana yake kutoka Kericho. Alikuwa mpishi wa Mzungu wa shamba la chai, na Mzungu huyo, aliporudi kwao, alimwachia gramafoni ya betri na santuri mbili ndefu, zile za nyimbo nyingi kila upande. Jalada la moja lilikuwa na vijana waliovaa makoti kama mapazia, wamezungukwa na rangi zote unazozijua na nyingine ambazo sijaziona tena. La pili lilikuwa na picha ya kijivu: mtu mmoja, gitaa, na dirisha.

Tulianza na ile ya rangi, tukasema tutasikiliza wimbo mmoja tu kabla ya kwenda shambani. Magitaa yalilia kama ndama, sauti zikaenda kinyumenyume, mara tarumbeta, mara kengele, mara mtu anacheka bila sababu. Tuliigeuza upande wa pili, tukairudia. Ile ya kijivu tuliijaribu kwa muda wa kumenya kiazi kimoja, kisha nikamwambia Ombati aiondoe.

Mvua ikanyesha. Ilipopungua, Mzee Ogeto alisimama mlangoni na jembe lake begani.

"Kumbe shamba langu limehamia hapa," alisema.

"Tusamehe, Mzee," Ombati akajibu. "Tulikuwa tunamalizia wimbo mmoja."

"Mmoja tangu umande? Basi wimbo huo una miguu mirefu kuliko yangu."

Kwamboka alicheka, nikamkazia macho. Mzee aliketi, akaomba asikie kilichotuzuia. Nilitegemea aseme kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Hakusema hivyo. Alitikisa kichwa akafurahi, hasa pale magitaa yalipolia.

"Hii ni arusi," alisema. "Kila mtu amekuja na ngoma yake na hakuna aliyefukuzwa." Akaonyesha lile jalada la kijivu. "Na yule mwingine?"

"Huyo anaimba kama mgonjwa, Mzee," nikasema. "Tumemwacha alale."

"Amewakosea nini?"

Ombati akaiweka ile ya kijivu. Mzee alikuwa mpiga obokano, kinanda chetu cha nyuzi nane, akasikiliza kama fundi anavyokagua kazi ya fundi mwenzake. "Sikieni kidole kinavyoteleza kwenye uzi," alisema. "Sasa amenyamaza. Hajalala, anangoja. Haya, amerudi." Na kweli, kimya kile kilikuwa sehemu ya wimbo, sisi tulidhani ni upungufu.

Moraa akauliza ipi ni bora.

"Mmewahi kunisikia nikiuliza shamba la nani lina rutuba kabla sijalilima?" akasema. "Kila shamba lina zamu yake. Huyu wa rangi mmempa siku nzima. Huyu wa dirisha hamkumpa hata upande mmoja. Na mimi je, mmenipa nini?"

Usiku mvua ilirudi, ikanyesha wiki nzima, na gugu likalishinda wimbi. Mzee alivuna kikapu kimoja. Nilipokwenda kumwambia nitamlimia siku nyingine yoyote, alisema, "Siku yangu iko kwako. Itunze, nitakuja kuidai." Alifariki kabla ya msimu wa kupanda. Wanawe wakapanda chai kwenye shamba lile.

Santuri zile tulizisikiliza miaka mingi. Ile ya kijivu iliendelea kunionyesha vitu, kwani kimya kingi kina mshindo mkubwa. Lakini hata ile ya rangi, chini ya zile kelele zote, nilikuja kuikuta ngoma moja ndogo inayoshika mwendo bila kuyumba. Ningeipima kwa makoti yao tu nisingeisikia.

Basi nasaha yangu, mwanangu, ni hii. Usimwite mtu debe tupu kwa sababu anavuma, wala mgonjwa kwa sababu ananong'ona. Mpe kila mmoja zamu kamili ndipo useme. Na zamu uliyomwahidi jirani itangulie starehe yako, maana ahadi ni deni, na magugu hayangoji wimbo uishe. Mungu akupe masikio yenye subira na majirani wenye kukungoja.

Nikipita pale kwenye chai, hupunguza mwendo. Hakuna wimbi la kupalilia, na siku ya Mzee Ogeto bado iko kwangu.