Mama Nje ya Kibanda cha Gemu

Juzi nilipofungua kwenye kompyuta programu inayochezesha gemu za kaseti, mlio wake ulinirudisha utotoni Msasani, kwenye kibanda cha gemu za televisheni kilichonuka makoti yaliyolowa, mvua ikipiga bati. Babu mzaa baba alikuwa ameingia kujikinga. Mama alikuja kuniita, akamwona, akageuza uso na kubaki nje akilowa.

“Mama’ko anaogopa televisheni!” wenzangu walicheka.

Kwa aibu nikajifanya simjui, nikaendelea kubonyeza. Sikujua kwamba kwetu mwanamke hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Babu alijua; akainuka, akatokea mlango wa nyuma, akaingia mvuani. Ndipo mama akaja ndani, maji yakimchuruzika.

“Maliza kwanza mchezo wako, mwanangu,” akasema.

Nilimaliza, bila kumtazama.