Ukoka wa Esha

Nikisikia harufu ya majani yaliyokatwa sasa hivi, shingo inaniuma. Ofisini kwetu hapa Mtwara, kila Ijumaa asubuhi mtunza bustani huwasha mashine yake ya kukatia majani, na harufu ile mbichi hupanda mpaka dirishani kwangu. Wenzangu huvuta pumzi na kusema, ah, raha. Mimi hufunga dirisha. Wanadhani nina mafua yasiyopona, nami nimewaacha waamini hivyo kwa sababu kueleza ni kazi. Leo nawaeleza ninyi.

Nilizaliwa Mnyambe, upande wa Newala, na kule kwetu majani hayapandwi. Mwanamke huamka na ufagio. Uwanja hufagiwa mpaka mistari ya ufagio ionekane, na mgeni akikukuta hujafagia, unamsalimia kwa aibu. Majani yakiota karibu na mlango, watu huulizana kama wenye nyumba wamehama au wamekufa. Mashambani nako tunapalilia chini ya mikorosho mpaka ardhi ibaki wazi, ili korosho ikidondoka ionekane. Na katika majani yote hakuna linalochukiwa kama ukoka. Ukiukata vipande kumi ukaviacha shambani, mvua ikinyesha unakuta mashina kumi.

Basi mtaelewa watu walivyomtazama baba yangu Jumamosi moja ya Januari, aliposhuka kwenye lori na magunia sita ya ukoka uliolowa. Baba alikuwa mtunza bustani Ndanda, kwenye nyumba za wageni, na alikuja nyumbani mwisho wa wiki tu. Kule kazini walikuwa wamechimba mtaro wa bomba katikati ya bustani, na vipande vya majani vilivyong'olewa na udongo wake akavikusanya kabla havijatupwa. Jirani yetu Mzee Hamisi alisimama njiani na jembe lake begani, akamtazama akishusha gunia la mwisho.

"Baba Somoe," alisema, "sisi tunautoa, wewe unauleta. Mwakani utatuletea na panya?"

Baba akacheka, akaendelea kushusha. Alikuwa mtu wa kucheka kwanza na kujibu baadaye, na mara nyingi hilo la baadaye halikufika.

Sababu ya magunia yale ilikuwa mdogo wangu Esha. Alikuwa na miaka minne, na tangu homa kali iliyompata akiwa na miaka miwili, mguu wake wa kushoto ulikuwa mwembamba na hauna nguvu. Hospitalini Ndanda, mama wa mazoezi ya viungo alikuwa akimtoa nje na kumsimamisha kwenye majani, na siku moja Esha alipiga hatua tatu bila kushikwa. Alianguka, akacheka, akataka kuinuliwa tena. Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Uwanja wetu ulishindiliwa na miaka ya ufagio mpaka ukawa mgumu kama sakafu, na kila alipoanguka alichunika goti. Mwisho akagoma kabisa. Akawa anajiburuta kwa makalio toka jikoni hadi mlangoni, na ukimwinua anakunja miguu yote miwili na kupiga kelele. Mama wa mazoezi alishasema wazi kwamba mtoto akiendelea kukaa, mguu utakakamaa, na ukikakamaa hautanyooka tena.

Baba aliufanyia kazi uwanja siku mbili. Alilima eneo la ukubwa wa mikeka minne mbele ya nyumba, akaokota kila kijiwe, akachanganya udongo na samadi ya mbuzi, akausawazisha kwa ubao. Kisha akavitoa vipande gunia kwa gunia na kuvipanga kama fundi anavyopanga tofali, kiungo cha safu moja kikiangukia katikati ya tofali la safu inayofuata. Mianya akaijaza mchanga kwa viganja. Halafu akalaza ubao juu, akaniambia nipande nitembee taratibu mbele na nyuma, ili mizizi ishikane na udongo. Nilikuwa na miaka kumi na nilijiona mtu muhimu sana juu ya ule ubao.

Umuhimu wangu uliisha Jumatatu, baba aliporudi kazini. Mama alikuwa na shamba na alikuwa na Esha mgongoni, kwa hiyo maji yakawa yangu: ndoo mbili asubuhi kabla ya shule, ndoo mbili jioni. Mvua ilipokuwa ikinyesha nilipona. Lakini Februari mvua ikakatika, kama inavyopenda kukatika kwetu, na bomba la kijiji likawa linatoa maji siku moja na kukohoa siku tatu. Siku za kukohoa nilishuka bondeni. Anayezijua njia za Newala anajua kushuka si kazi, kazi ni kurudi. Nilipanda kile kilima na ndoo kichwani, maji yakinichuruzikia mgongoni, nikifika nayamwaga chini kwenye majani ambayo hata mbuzi wa jirani walifukuzwa wasiyale. Wenzangu shuleni waliniita mama shamba la ukoka. Nilimchukia Mzee Hamisi, niliyachukia majani, na, Mungu anisamehe, kuna jioni nilimchukia na Esha.

Mwishoni mwa mwezi ule mama alitakiwa kumpeleka Esha kliniki Ndanda na kukaa huko siku tatu. Bibi, mama yake mama, angekuja kutoka Chiwata kukaa na mimi. Jumapili, kabla baba hajaondoka nao, alinikuta nikiweka ndoo chini. Akaniambia, "Bibi yako hana habari ya haya majani. Akifika tu, kabla hata hajanywa maji, mwambie ni mazoezi ya Esha." Nikaitikia, "Ndiyo, baba," huku nikiitazama ndoo.

Bibi alifika saa kumi jioni na kikapu cha mihogo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akausahau mkono wangu mkononi mwake. Alikuwa anautazama ukoka.

"Jamani mwanangu," alisema, akimaanisha mama. "Kachoka kiasi hiki? Mpaka mlangoni?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Maneno nilikuwa nayo, tena machache. Nikachukua kikapu nikakiingiza ndani. Nilijiambia nitasema baada ya chakula, na baada ya chakula nikajiambia bibi amechoka, nitasema asubuhi.

Asubuhi niliamshwa na jembe. Kulikuwa hakujapambazuka vizuri. Nilisikia ch, ch, ch, na kati ya pigo na pigo nikamsikia bibi akihema. Nilijua mara moja ni nini. Nililala palepale, macho yakitazama bati, na niwaambie ukweli kama ulivyo: sikuhuzunika. Nilihesabu ndoo. Asubuhi ile sitaenda bondeni, jioni sitaenda, kesho sitaenda. Nilivuta kanga hadi kichwani na kungoja jembe limalize.

Nilipotoka, uwanja ulikuwa mwekundu na umefagiwa, mistari imenyooka, na bibi amekaa kizingitini na jasho lake, anafurahi. Alikuwa ameyakokota majani yote nyuma ya nyumba yakauke ayachome moto. "Mama yako akirudi atakuta nyumba ya mtu aliye hai," aliniambia. Akanikatia muhogo uliochemka, kipande kikubwa cha katikati. Nilikila.

Walirudi Jumatano mchana, na baba pamoja nao, ameomba ruhusa kazini awasindikize. Esha alikuwa mgongoni mwa mama, akiimba. Wimbo ulikatika walipoingia uwanjani. Alitazama pale chini, akatazama huku na huku, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Majani yangu yako wapi?" Akaanza kulia, na hakulia kwa kudeka.

Kwetu mkwe ni mkwe. Sijawahi kumwona baba akimtazama bibi usoni, wala akila naye, wala akipandisha sauti bibi akiwa ndani ya nyumba. Alichuchumaa pembeni, kama desturi, macho yake chini kwenye udongo ule mwekundu, akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, Baba Somoe. Nimewasafishieni kidogo."

"Asante sana, mama. Uwanja umependeza."

Lakini mama hakuwa mkwe wa mtu pale. Alinigeukia. "Somoe! Hukumwambia bibi yako?"

Nilifungua mdomo. Kabla sauti haijatoka, baba akasema, bado amechuchumaa, "Ni mimi, Mama Somoe. Nilisahau kumwagiza mtoto." Moyo wangu ukatua. Nilidhani amesahau kweli kwamba aliniagiza. Nilimshukuru Mungu kwa kunipa baba msahaulifu, nikaenda kuteka maji ya kunywa kabla hajakumbuka.

Mama alimweleza bibi taratibu, na bibi akaketi chini akashika kichwa. "Nimeuua mguu wa mtoto," alisema. Alirudia mara mbili. Baba akakohoa, akaambia ardhi, "Mama, wewe umelima miaka yote hii. Umewahi kuuua ukoka kwa siku moja?"

Bibi, machozi yakiwa bado usoni, akacheka. Akainuka, akaenda nyuma ya nyumba. Rundo lilikuwa limekauka juu, lakini ndani bado lilikuwa na unyevu. Tulilichambua jioni nzima, tukitafuta vikonyo vyenye uhai, vile ambavyo mkulima akiviona huvitupa mbali na shamba. Baba alitoboa mashimo kwa kijiti, bibi akafuata nyuma akizika vikonyo, na Esha akajiburuta katikati yao akishindilia udongo kwa viganja. Mimi nilileta maji. Hakuna aliyeniambia nilete.

Bibi aliyekuja kwa siku tatu alikaa miezi miwili. Kila wakati wa sala alitoka na birika lake, akachuchumaa ukingoni mwa vile vikonyo, na maji yote ya udhu yakaenda pale, mara tano kwa siku. Kila siku alihama hatua moja, ili kila upande upate. Mvua zilirudi Machi. Kufikia Aprili palikuwa na kijani, si kizuri kama cha kwanza, kilikuwa na vipara, baba akikikata kwa fyekeo na bibi akikata kingo kwa kisu cha jikoni. Esha alianza kuangukia pale bila kulia. Alitembea kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Leo anachechemea kidogo akichoka, anafundisha shule ya msingi Masasi, na hanywi chai bila kunipigia simu kunisimulia wanafunzi wake.

Bibi alifariki bila kujua. Nilikuwa mtu mzima, nina mtoto wangu mwenyewe, siku nilipogundua kwamba baba hakusahau kitu. Nilikuwa namwagiza binti yangu jambo mlangoni, nikamwona anavyoitikia "ndiyo" huku akitazama kando, na nikajua palepale kwamba mzazi huwa hasahau jibu la namna hiyo. Baba alijua. Alichuchumaa mbele ya mkwe wake na kulibeba kosa langu, kwa sababu kama bibi angesikia kwamba mjukuu wake aliagizwa akanyamaza, akamwacha aharibu, asingekaa miezi miwili. Angerudi Chiwata siku ileile, na aibu ingemla mpaka kufa.

Mwaka jana nilikwenda Mnyambe, nikamkuta baba barazani akitengeneza mpini wa jembe. Nikamwambia yote: agizo, jembe la alfajiri, kanga kichwani, muhogo. Aliendelea kukwangua mpini.

"Nilijua," alisema. "Lakini lipo lingine, na hilo ni langu. Nilikuwa nakuona ukija na ndoo, shingo imeingia mabegani. Nilikuona, Somoe. Ila wewe miguu yako ilikuwa mizima, basi macho yangu yote yakawa kwa Esha. Sikukuuliza hata siku moja kama umechoka. Nisamehe."

Nilikuwa nimekuja kuomba msamaha, si kuombwa. Tangu nigundue kwamba alijua, nilidhani alinyamaza ili kutustiri mimi na bibi tu, kumbe naye alikuwa na lake la kuficha.

"Basi niulize sasa," nilimwambia.

Akaweka mpini chini. Akanitazama.

"Umechoka, mwanangu?"

"Nimechoka, baba," nikasema, na nikalia kama mtoto wa miaka kumi.