Mafuta Yaliyokauka Mkononi

Mama yangu hakujua haidrokaboni ni kitu gani. Nilirudi Rutamba likizo, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, niko kidato cha tatu na kichwa kimejaa sifa. Nikamweleza kwamba mafuta yote ni kaboni na haidrojeni zilizoshikana mikono. Mnyororo ukiwa mfupi, mafuta hupaa upesi na kudaka moto, ndiyo petroli. Ukirefuka yanakuwa mazito na mavivu, ndiyo mafuta ya taa. Nikamtajia methani, ethani, propani. Alikuwa anabangua korosho, akacheka mpaka akaziweka chini.

"Hayo majina ya majini, mwanangu," akasema. "Haya msomi, kachukue mafuta dukani, usije ukasoma gizani."

Duka la kijiji lilikuwa na pipa moja. Mafuta ya taa yalikuwa adimu, na yalipoletwa siku ile waliyamimina humohumo, petroli ya lori la kijiji ikiwa bado imo. Hayo tuliyajua baadaye. Hawakuwa na nia mbaya. Kwetu mafuta yalikuwa mafuta, na kumwaga hata tone ilikuwa dhambi.

Mwenye zamu alinipimia kwa kikopo, mengine yakanimwagikia mkononi. Nilihisi baridi. Kabla sijafika nyumbani mkono ulikuwa mkavu, hauna ule utelezi wa siku zote, nami nikafurahi kwamba sitachafua daftari. Mjinga mimi! Ile baridi na ule ukavu vyote viwili vilikuwa ndani ya daftari hilohilo, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Tulipomaliza kuswali magharibi nilitaka kuwasha koroboi, mama akaninyang'anya kiberiti.

"Wewe fungua kitabu. Nitakuwashia mimi."

Koroboi ililipuka mikononi mwake, khanga ikashika moto. Nilimfunika kwa mkeka nikipiga kelele, lakini nilikuwa nimechelewa. Nilichelewa tangu njiani.

Aliishi siku mbili hospitalini Lindi. Aliniuliza kama kitabu kimepona. Nikamwambia kimepona, mama. Nilitaka kumwambia na lile la mkono, nikashindwa, na sikumwambia mtu mwingine yeyote mpaka leo ninapoandika. Msibani watu walisema ni kazi ya Mungu, nami nikaitikia nikiwa nimeinamisha uso. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu nimemlea mpaka nimeota mvi, na bado analia.

Muhula uliofuata mwalimu alitupa mtihani. Swali moja lilitaka tueleze namna ya kutofautisha petroli na mafuta ya taa bila kuyawasha. Niliandika: dondosha kidogo mkononi, yakileta baridi na kukauka upesi, ni petroli, usiyatie kwenye taa.

Nilipata maksi zote.