Sumu Kwenye Bwawa Langu la Vyura

Nilipostaafu ualimu Bukoba mjini, nilirudi kijijini Kagoma kwenye kibanja, shamba la migomba aliloniachia marehemu mume wangu. Watu walitegemea nifuge kuku. Mimi nilichimba bwawa dogo, la upana wa mkeka, nikatandika turubai, nikaacha mvua ilijaze. Pembeni nilipanda magimbi, na nyasi za upande ule nikakataza zisifyekwe. Nilitaka vyura wa mitini, wale niliowaona utotoni kila siku, kisha wakapotea na hakuna aliyeuliza.

Miezi ilipita bila hata mmoja. Asubuhi moja baada ya mvua niliinama chini ya jani la gimbi, jua likiwa upande wa pili, nikaona kivuli kidogo kama kifungo cha shati. Nikaligeuza jani taratibu. Alikuwa wa kijani kibichi, mdogo kuliko kidole gumba changu, amekunja miguu, amenata. Hakuruka. Tangu siku hiyo nilitafuta vivuli, na vyura wakazidi kuonekana. Baadaye nikakuta mayai yamebandikwa kwenye jani juu ya maji, kama uji uliomwagika, na viluwiluwi wakaanza kuogelea.

Kaka mkubwa wa marehemu, ambaye kibanja chake kinapakana na changu, alikuja akasimama hapo.

"Shemeji, maji haya yanaleta vyura, na vyura wanaleta nyoka."

"Waitu, ndugu yangu, nyoka walikuwepo kabla ya bwawa," nilimjibu.

Alicheka akaenda zake. Nikadhani yameisha.

Wiki hiyo nilikwenda Bukoba kutibiwa macho, nikakaa kwa binti yangu siku nne. Niliporudi, harufu ilinipokea njiani. Magimbi yalikuwa yamenyauka, maji yana utando, viluwiluwi wanaelea matumbo juu. Bomba la shemeji la kupulizia dawa ya magugu lilikuwa limeegemezwa kwenye mgomba wangu. Hata kulificha hakujisumbua.

Nilikwenda kwake nikiwa bado na viatu vya safari. Alikuwa anaanika kahawa na mkewe.

"Umeingia kwangu bila hodi," nilisema.

"Kwako? Kile ni kibanja cha ukoo, shemeji. Nimekusaidia kusafisha."

Mkewe aliinamisha kichwa.

"Nimelima mle kila likizo miaka yote. Mume wangu nimemzika mle. Leo ndiyo unanisafishia? Njoo ubebe bomba lako, na baada ya hapo usikanyage tena kwangu."

Jumapili alikuja na mwinjilisti kutupatanisha. Niliwapa kahawa, maana mgeni ni mgeni. Mwinjilisti akasema kwa upole, "Mama, hao ni vyura tu."

Vyura tu! Nilimuuliza, kama ni vyura tu, huyu bwana alibeba bomba la nini, tena akisubiri niondoke? Shemeji akasema yeye amekwisha kunisamehe. Amenisamehe mimi! Niliondoka pale nikaenda jikoni, nikabaki huko mpaka nikasikia wameondoka.

Maji yale nilichota kwa ndoo, nikayamwaga kwenye shimo mbali na migomba, turubai nikalifukia. Bwawa jipya nimelichimba nyuma ya jiko, mahali ninapoweza kuliona nikiwa ninapika. Mvua imelijaza, magimbi yameshika. Chura hajaja. Shemeji hunisalimia kanisani, nami huitikia kwa sababu ya watu. Hasira yangu haijapungua, na sijaanza kuomba ipungue.