Nilisambaza Rekodi Bila Kuisikiliza Hadi Mwisho

Nilikosa, na sitafuti wa kunihurumia. Nilitaka kumwaibisha mtu mmoja hadi ashindwe kutembea mjini Nakuru akiwa ameinua kichwa. Niliyemuumiza ni mwingine kabisa.

Huyo mtu nitamwita Deno. Miaka mitatu tuliendesha podkasti pamoja, tukirekodi chumbani kwangu, blanketi kichwani, ili kelele za pikipiki zisiingie. Hatukuwa na kituo cha redio wala bosi. Tulikuwa na wasikilizaji wetu tu, na ujumbe wa sauti waliotutumia kila wiki.

Basi Deno akanifungia nje! Nenosiri la podkasti lilikuwa kwake, akalibadilisha. Kisha akarudi kwenye vipindi vya zamani, kimoja baada ya kingine, akaikata sauti yangu yote. Ukisikiliza sasa utamsikia akijibu maswali ambayo hakuna aliyeuliza. Miaka mitatu, na ni kama sikuwahi kuwepo. Nilikasirika!

Lakini rekodi zenyewe, kabla hazijakatwa, zilikuwa kwenye laptopu yangu. Na nilijua ni ipi ingemmaliza.

Kulikuwa na mzee mmoja, mchoma nyama kule Kikopey, aliyetutumia ujumbe kila Jumapili akitoka kanisani. Alikuwa amefiwa na mkewe. Alitusimulia habari za huyo mama polepole, akikohoa kwa sababu ya moshi wa miaka mingi, na watu walimpenda sana. Siku moja, kabla hatujaanza kipindi, Deno alimwigiza: kikohozi, kwikwi, kila kitu, kisha akasema: "Aki huyu buda na bibi yake! Si aache kutuchosha!"

Nilisikiliza hadi hapo, nikatosheka. Nikaituma yote kwenye grupu la wasikilizaji, mzee naye akiwemo, nikaandika, "Mjue mnayemsikiliza." Nikajipikia chai, nikangoja aungue.

Aliungua kweli, asubuhi moja tu! Kufika saa sita mchana, jamaa mmoja wa Olkaria, aliyezoea kutusikiliza akienda kazini, akaniandikia: "Madam, hiyo kitu umeisikiza mpaka mwisho?"

Nikaisikiliza. Baada ya Deno kuna kicheko kirefu, cha mtu aliyeshika mbavu. Changu! Halafu sauti yangu, wazi kabisa: "Huyo mzee weka mwisho, watu wakishachoka kusikiza."

Mungu wangu!

Deno alitoa kipindi cha kuomba msamaha, akalia vizuri, na wasikilizaji wakamwongezekea. Hilo linanichoma hadi leo. Mimi nilipanda gari hadi Kikopey. Mzee alikuwa akigeuza mbavu za mbuzi jikoni. Hakuwa amewahi kuniona, lakini nilipomsalimia tu alijua kwa sauti kuwa ni mimi.

"Keti kwanza, msichana wangu," alisema. "Utakula?"

"Mzee, nimekuja kuomba msamaha. Ni Deno alianza. Mimi nilicheka tu."

Akaweka kisu chini.

"Huyo kijana mimi sikuwa naongea na yeye. Yeye alikuwa anapiga tu kelele, nangoja amalize. Nilikuwa naongelesha wewe."

Alinikatia nyama, akaniwekea chumvi kando, akarudi kwa wateja wake. Niliiacha nyama pale mezani, nikaondoka. Jumapili nyingi zimepita tangu hapo, na hajatuma neno kwangu wala kwa mtu mwingine.

Sasa wewe uliyeficha rekodi ya mtu ukingojea siku yake, nakuonya. Sikuambii usamehe. Mimi mwenyewe sijasamehe, na siku Deno atakapoanguka nitapiga makofi! Lakini kabla hujabonyeza kutuma, isikilize yote, ujue na wewe ulisema nini.

Deno aliikata sauti yangu kwenye kila kipindi. Leo mtu akitaka kunisikia huko nje imebaki rekodi hiyo moja tu, na niliyeisambaza ni mimi.