Karatasi Isiyosema Shikamoo

Leo karatasi yangu imeua injini.

Ndugu zangu, kazi yangu mnaijua: naandika maelekezo ya mitambo ya vijiji vya ujamaa. Haya yalikuwa ya mashine ya kusaga, katika kijiji kimoja kwenye njia ya Irente. Niliyabandika mwenyewe ukutani. Kiswahili safi, sentensi fupi. Nikajisifu.

"Ongeza oili. Funga kifuniko. Usiguse mkanda."

Asubuhi naitwa: injini imekufa. Haijaongezwa oili tangu isimikwe.

Kumbe wanakijiji waliisoma karatasi! Bibi Salome, msimamizi wa mashine, kahitimu kisomo cha watu wazima. Akaniambia taratibu:

"Mwanangu, karatasi imeingia bila shikamoo, halafu inatuamrisha kama mnyapara wa mkonge enzi za mkoloni. Tukakubaliana tusiifuate."

Hata hasira haikuja.

(Nyie mngejibu nini?)

Nikachukua kalamu, nikaandika juu kabisa: Shikamooni, wazee wetu. Tunaomba muongeze oili.

Bibi akasoma kwa sauti.

"Marahaba, mwanangu."

Akachukua kopo, akaimiminia oili injini iliyokufa mpaka ikajaa.